Sufuria Moja Yatosha

SWALI

Kwako mshauri wa lishe,

Nakuandikia nikiwa nimechoka mwili na roho. Baba watoto ana miaka 52. Ni mzaliwa wa upande wa Nkubu, Meru, nami ni wa Embu. Tumejenga hapa karibu na Runyenjes, tuna majani chai kidogo na ng'ombe wawili. Mwezi wa pili alishikwa na kiu isiyokatika, akawa anaamka kukojoa usiku kucha. Hospitalini walimpima kabla hajala wakakuta sukari ni 13.8. Alipewa metformini na glibenklamidi, akaambiwa aache sukari na apunguze wanga. Hakuna aliyetueleza huo wanga ni upi kati ya vitu ninavyopika.

Tangu siku hiyo kila mtu ni daktari. Shemeji yangu anasema vyakula vya kiasili havina sukari, kwa hiyo mzee ale nduma, viazi vikuu na ugali wa wimbi mpaka ashibe. Jirani anasema asali ni dawa. Mama mmoja tunayesali naye anatuuzia unga wa mizizi na kutuambia vidonge vitamharibu figo. Mimi hupika sufuria mbili: moja ya mukimo au githeri ya watoto na mama mkwe, nyingine ya mboga na kiugali kidogo cha wimbi cha mzee. Yeye hutazama sahani za watoto, akaisukuma yake kando, na siku nyingine hulala bila kula. Lakini dawa humeza zote. Jumamosi akienda sokoni hutafuna muguka akishushia na soda, na hali kitu mpaka usiku.

Sasa kuna jambo linalonitia hofu. Zaidi ya mara moja ameamka usiku akitetemeka, shati limelowa jasho, akisema maneno yasiyoeleweka. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, na kifungua mimba wetu alilia akidhani baba yake anakata roho. Asubuhi mama mkwe aliniambia mbele ya watoto kwamba namuua mwanawe kwa njaa. Mzee mwenyewe anasema afadhali afe ameshiba mukimo.

Nipike nini? Na je, mtu wa kisukari anaweza kula chakula kimoja na watu wa nyumba yake?

Mama Watoto, Runyenjes

JIBU

Mama Watoto, pole sana. Unauguza mume, unalisha nyumba nzima, na bado unalaumiwa. Maswali yako ya chakula nitayajibu yote, ila niruhusu nianze na jambo la usiku, kwa sababu hilo halingojei.

Kutetemeka, jasho jingi na maneno yasiyoeleweka ni dalili za sukari kushuka mno. Si kisukari kilichozidi, ni kinyume chake. Glibenklamidi huilazimisha kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake hukaa mwilini kwa saa nyingi, hata siku nzima. Mzee akiimeza kisha akalala bila chakula, dawa inaendelea kushusha sukari ambayo haina kitu cha kuirudisha juu. Siku ya Jumamosi mambo huwa mabaya zaidi. Muguka huondoa njaa, kwa hiyo hali. Soda hupandisha sukari kwa muda mfupi mchana, kisha usiku kunabaki dawa peke yake tumboni. Hali hii inaweza kumpotezea mtu fahamu, na inaweza kuua.

Ikitokea tena, mpime ikiwa mna mashine ya kupima sukari. Ikiwa imeshuka chini ya 4, au kama hamna mashine na dalili ni hizo, mpe mara moja vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari, vikorogwe kwenye nusu glasi ya maji. Nusu glasi ya soda yenye sukari pia inafaa. Hii ndiyo saa pekee ambapo soda ni dawa kwake. Ngoja dakika 15 umpime tena. Bado iko chini, rudia. Ikishapanda, mpe chakula: githeri kidogo, au ndizi na kikombe cha maziwa. Akipoteza fahamu usimtie chochote kinywani, maana kitamsakama. Mlaze kwa ubavu mkimbie hospitali. Hata akizinduka na kuongea vizuri, mpelekeni, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuishusha sukari tena saa chache baadaye.

Halafu, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nendeni wiki hii, mkamweleze daktari mambo matatu waziwazi: kwamba sukari hushuka usiku, kwamba mzee huruka mlo wa jioni, na kwamba hutafuna muguka. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, maana ziko dawa za kisukari ambazo kwa kawaida haziishushi sukari kupita kiasi, na metformini anayotumia ni mojawapo. Uamuzi huo ni wa daktari. Msikate vidonge wenyewe nyumbani. Mpaka mtakapomwona, sheria ya nyumba yako iwe moja: dawa haimezwi bila chakula mezani.

Wanga ni upi?

Wanga ni ile sehemu ya chakula ambayo tumbo huivunja ikawa glukosi, yaani sukari ya damu. Sukari ya mezani hufika kwenye damu haraka, lakini ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, nduma, mahindi na uji nazo huishia kuwa glukosi. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha sukari kabisa kwenye chai, akala mlima wa ugali, na mashine ikasoma 15. Wengi hushangaa hapo na kuanza kutafuta mchawi.

Shemeji yako ana ukweli nusu. Vyakula vya kiasili vya Meru na Embu ni vizuri. Wimbi, mtama na mawele vikisagwa bila kukobolewa hubaki na nyuzinyuzi zinazochelewesha glukosi kuingia kwenye damu. Nduma na viazi vikuu huyeyuka polepole kuliko mkate mweupe. Lakini polepole haimaanishi kamwe. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina wanga wa takriban gramu 30, ilhali kiazi cha kawaida cha kuchemsha cha uzito huohuo kina takriban gramu 20. Kiazi kikuu hukaribia nduma. Ukimwambia mtu ale nduma hadi ashibe kwa sababu ni ya kiasili, umempa wanga mwingi kuliko yule unayemkataza viazi. Vipande viwili vya nduma, kila kimoja kisizidi kiganja, na chai isiyo na sukari pamoja na yai, ni kifungua kinywa chema. Sinia zima la nduma si chema, hata kama babu alikula hivyo. Babu alitembea kwa miguu hadi sokoni na kurudi, akalima kutwa nzima kwa jembe.

Asali ya Mbeere na Tharaka ni tamu na ni safi, lakini sehemu kubwa yake ni sukari, na kwa sababu ni nzito, kijiko cha asali hubeba sukari zaidi ya kijiko cha sukari yenyewe. Si dawa ya kisukari. Kama mzee ataweka asali, ihesabiwe kuwa sukari.

Kuhusu unga wa mizizi, nasema bila kuzunguka: acheni. Hakuna anayejua kipimo chake wala kilichomo. Katika nchi mbalimbali unga na vidonge vya namna hiyo vimepimwa vikakutwa vimechanganywa kisiri na dawa za hospitali za kushusha sukari. Mtu anayemeza glibenklamidi akiongeza na unga kama huo hajui amekula dawa kiasi gani. Na yule mama anayesema vidonge vitaharibu figo hajui kwamba kinachoharibu figo, macho na mishipa ya miguu ni sukari iliyokaa juu miaka mingi. Mwambieni kwa upole kwamba mtaendelea kusali naye, lakini unga hamnunui.

Unachokipika sasa kinatosha

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo mzigo wako utapungua. Huhitaji sufuria ya pili. Chakula cha mzee na chakula cha watoto ni kilekile. Kinachobadilika ni vipimo ndani ya sufuria na namna ya kupakua. Sufuria ya pili inakula kuni na muda wako, na kila jioni inamkumbusha mzee kwamba ametengwa. Mtu aliyetengwa mezani hususa, na mtu wa kisukari anayesusa chakula akiwa na dawa tumboni ndiye uliyemwona akitetemeka usiku.

Tuanze na githeri. Nyumba nyingi hupika vikombe viwili vya mahindi kwa kikombe kimoja cha maharagwe kwa sababu mahindi yako ghalani. Geuza: vikombe viwili vya maharagwe, njahi au mbaazi kwa kikombe kimoja cha mahindi. Maharagwe nayo yana wanga, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi, na hupandisha sukari taratibu sana. Kaanga kwa mafuta ya kijiko kimoja kikubwa, kitunguu na nyanya, kisha tia terere, kabichi au majani ya kunde mengi mwishoni. Wakati wa kupakua, chukua sahani bapa, si bakuli. Nusu yake iwe mboga za majani, nusu nyingine githeri. Mzee akiona sahani imejaa hatajihisi amepunjwa, na watoto watakula kilekile.

Mukimo ndio uliomfanya atamke maneno ya kufa, basi tuutendee haki. Mukimo si adui. Tatizo lake ni kwamba siku hizi viazi na mahindi vimechukua sufuria nzima, na majani yamebaki kuwa rangi tu. Ukiipikia familia ya watu sita, weka viazi vinne au vitano vya wastani badala ya kumi na viwili. Tia vikombe viwili vya maharagwe au minji zilizochemshwa, kikombe kimoja cha mahindi, na majani ya malenge kiasi cha kujaza sufuria kabla hayajanywea. Chemsha majani pembeni, yakate, uyaingize mwishoni. Kisha ponda kidogo tu: vunja viazi, acha punje za maharagwe na mahindi zionekane. Chakula kilichopondwa hadi kikawa laini kabisa huyeyuka tumboni upesi na sukari hupanda upesi; chembechembe zikibaki, tumbo lina kazi ya kufanya. Mpakulie mzee mukimo kiasi cha ngumi yake, na kando yake kitoweo na mboga za kutosha. Mukimo wa ndizi mbichi unaopikwa huko kwao Meru unafaa vilevile, mradi njahi ziwe nyingi kuliko ndizi.

Siku ya ugali, tumia unga wa kusagisha kinuni usiokobolewa, au changanya mahindi na wimbi au mtama. Gawa sahani hivi: nusu mboga, robo protini, robo ugali. Protini isikutie hofu ya pesa. Ndengu na mbaazi kutoka upande wa Siakago, Ishiara na Kiritiri ni nafuu zikivunwa, na mayai ya kuku wako, maziwa ya mala na omena vyote vinafaa. Nyama ikipatikana ni sawa, lakini si lazima. Tena mwambie mzee aanze na mboga na ndengu, ugali aumalizie. Watafiti wa Weill Cornell, New York, walichapisha mwaka 2015 utafiti mdogo wa watu wenye kisukari cha aina ya pili: walipokula mboga na protini kwanza na wanga mwisho, sukari yao ilipanda kidogo kuliko siku walipoanza na wanga, ingawa chakula kilikuwa kilekile. Jambo hili halina gharama yoyote.

Wali wa pishori kutoka hapo Mwea unanukia vizuri na si dhambi, ila upakuliwe kwa robo ileile ya sahani, na uliwe na ndengu, si na viazi. Chapati na viazi kwenye sahani moja ni wanga juu ya wanga, chagua kimoja. Maparachichi ya kwenu yana mafuta mema na sukari kidogo sana; nusu parachichi badala ya kuongeza ugali humshibisha mtu kweli. Msimu wa maembe ukifika, embe dogo moja kwa wakati, liliwe zima. Asinywe juisi yake, kwa maana juisi ni sukari ya maembe matatu bila nyuzinyuzi.

Uji wa wimbi ni mzuri, lakini unga uliosagwa laini na kuchekechwa hupandisha sukari haraka, hasa ukinywewa kwa kikombe kikubwa asubuhi na mapema. Mpe kikombe kidogo, bila sukari, kilichotiwa maziwa au ndimu, pamoja na yai au karanga. Unga wa uji unaouzwa ukiwa umechanganywa na muhogo na mchele una wanga mwingi kuliko watu wanavyodhani. Sagisha wimbi lako mwenyewe.

Chai na Jumamosi

Nyumba nyingi za kwetu hutia sukari kwenye sufuria chai ikiwa jikoni. Kuanzia kesho, pika chai bila sukari, sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekunywa vijiko 12, karibu gramu 50 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, kwa afya njema zaidi, mtu mzima asipitishe takriban gramu 25 kwa siku, na ushauri huo ni kwa watu wote, si wagonjwa tu. Mzee aache kabisa. Watoto na mama mkwe wapunguze kijiko kwa kijiko, wiki baada ya wiki, na ulimi utazoea. Kwenye matanga au harusi, mzee aombe mapema chai ya sukari kando. Siku hizi hakuna mwenyeji anayeshangaa.

Kuhusu muguka, najua ndiyo riziki ya nyumba nyingi za Embu kama miraa ilivyo riziki ya Meru, na sitaki kumtukana mtu shambani mwake. Lakini kwa mwili wa mzee, muguka unamnyima hamu ya kula na kumnyima usingizi, na soda ya kushushia ya mililita 300 inampa zaidi ya gramu 30 za sukari kwa mkupuo. Ombi langu ni aache. Akiwa hajafika hapo, ale chakula kamili kabla ya kwenda sokoni, ashushie kwa maji, na asirudi nyumbani baada ya saa ya chakula cha jioni. Usimkaripie mbele ya watoto. Mkae wawili, umwonyeshe kwamba usiku ule wa kilio ulikuwa Jumamosi. Mwanamume huyu anawapenda watoto wake. Akijua kinachowaliza, atafikiria.

Mashine iwe shahidi

Mabishano mengi nyumbani kwako yataisha mkipima. Kama mnaweza, nunueni mashine ndogo na stripu zake. Kama hamwezi, muulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, hawa tunaowaita CHP, kwani tangu 2023 wahudumu hawa waligawiwa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Msipoteze stripu kwa kupima ovyo. Pimeni mara mbilimbili: mara moja kabla ya kula, na tena saa mbili baada ya kuanza kula. Leo pimeni mlo wa mukimo, wiki ijayo pimeni nduma, wiki nyingine wali. Andikeni kwenye daftari: chakula gani, kiasi gani, namba gani.

Kwa kawaida tunataka sukari kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7, na saa mbili baada ya kula isivuke 10, ila daktari wenu anaweza kuweka malengo mengine. Mukimo ukimpandisha kutoka 6.5 hadi 8.5, mukimo ule kwa kiasi kile ni wake. Nduma ikimpandisha kutoka 6.5 hadi 12, hakuna haja ya kubishana na shemeji: vipande vilikuwa vingi. Miili haifanani, na ndiyo sababu orodha ya vyakula iliyochapishwa haiwezi kuwajua kama daftari lenu litakavyowajua. Nendeni nalo kliniki. Daktari akiona namba za mwezi mzima ataamua dawa vizuri zaidi kuliko akiona namba moja ya asubuhi hiyo. Ombeni pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Hospitali ya Rufaa ya Embu na ya Meru zote huhudumia wagonjwa wa kisukari, kwa hiyo mzee akienda kwao Nkubu asikose kubeba kadi na dawa zake.

Baada ya chakula cha jioni, mtoke pamoja mtembee dakika 10 hadi 15, hata kama ni kwenda kuangalia ng'ombe na kurudi. Misuli inayofanya kazi hunyonya glukosi kutoka kwenye damu. Ila siku za kazi ngumu shambani sukari hushuka zaidi, kwa hiyo awe na vijiko vya sukari vilivyofungwa kwenye karatasi mfukoni.

Mama mkwe

Maneno aliyokuambia yalikuumiza, na hayakustahili kusemwa mbele ya watoto. Lakini tazama alichokiona: mwanawe anakonda, analala njaa, anatetemeka usiku, na wewe ndiwe unayepakua. Mama yeyote angeogopa. Usijitetee wewe, mwache mzee amwambie mama yake kwa kinywa chake kwamba njaa aliichagua mwenyewe, na kwamba kutetemeka kulitokana na dawa bila chakula. Neno la mwana kwa mama lina uzito ambao la mkamwana halina.

Kisha mwombe msaada kwa heshima. Yeye anajua njahi zinavyochemshwa zikaiva bila kuvurugika, anajua mtama na mawele, anajua majani ya porini ambayo watoto wako hawayajui majina. Mengi ya chakula anachohitaji mzee ndiyo chakula alichokulia mama huyu, kabla ya mkate, soda na chapati za kila siku. Mwambie, "Mama, tufundishe mukimo wenu wa njahi, tuufanye wa nyumba nzima." Na siku ya kliniki, akiwa na nguvu ya kusafiri, mpelekeni naye asikie kutoka kwa muuguzi. Akirudi, atakuwa mlinzi wa sahani ya mwanawe kuliko wewe.

Tumaini la kweli

Mzee anapozungumza kuhusu kufa ameshiba, nasikia mtu anayeamini kwamba raha imekwisha na kilichobaki ni kungoja. Si kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Glasgow na Newcastle, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti uitwao DiRECT. Watu waliokuwa na uzito uliozidi na waliogundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili ndani ya miaka sita walipunguza uzito kwa mpango maalumu wa chakula, chini ya uangalizi wa kliniki. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 yao walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Hiyo si kusema wamepona milele. Uzito ukirudi, kisukari hurudi. Wala si ruhusa ya kuacha vidonge nyumbani, kwa sababu wao dawa zao ziliachishwa na madaktari. Lakini mzee amegundulika mwezi wa pili mwaka huu. Kama alikuwa na tumbo kubwa, kilo atakazopunguza polepole, akiwa anakula mara tatu kwa siku na si kwa kususa, zinaweza kumsaidia zaidi kuliko unga wowote.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama mtu wa kisukari anaweza kula chakula kimoja na watu wa nyumba yake. Anaweza, na ni afadhali iwe hivyo kwa ajili ya watoto wako kuliko hata kwa ajili yake. Mtoto ambaye mzazi wake ana kisukari cha aina ya pili yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kukipata akiwa mtu mzima, hasa akikulia kwenye chai ya vijiko vitatu, soda na viazi vya kukaanga. Ile githeri ya maharagwe mengi, mukimo uliojaa majani na sukari iliyowekwa kando ya kikombe si adhabu ya baba yao. Ni kinga yao. Wapakulie kutoka sufuria hiyohiyo, na uwaeleze kwa nini, ili wakienda kuanzisha nyumba zao wajue kupima wanga kabla hospitali haijawafundisha.